Kidhibiti mwendo na sharti lililosahaulika: Jinsi programu za magari zinavyopaswa kupimwa

Na Mwandishi Wetu, MACHAKOS

KILA alfajiri matatu huondoka mjini Machakos zikielekea Nairobi, safari ya takribani kilomita 63. Huteremka hadi makutano ya Kyumvi, zikaingia katika barabara kuu ya Mombasa, zikapita Lukenya na Athi River, kisha zikakaribia jiji kupitia Mlolongo. Abiria aliyefunga mkanda wake huwa amekabidhi maisha yake kwa watu wawili: dereva anayemwona na mhandisi asiyemjua.

Mhandisi huyo ndiye aliyeandika programu iliyomo katika kidhibiti mwendo, kile kifaa ambacho sheria inataka kiwe katika gari la abiria ili lisizidi kilomita 80 kwa saa. Katika magari ya kisasa, wahandisi wa aina hiyo wameandika pia programu zinazoongoza breki, usukani, mifuko ya hewa na injini yenyewe.

Dereva akikosea, kuna polisi wa trafiki, kuna mahakama na kuna leseni inayoweza kufutwa. Je, programu ikikosea? Nani huikagua kabla haijaingia barabarani, naye hutumia kipimo gani?

Makala haya yanaeleza mbinu ambayo watengenezaji wa magari wamekuwa wakiikumbatia ili kujibu swali hilo: kuandika masharti ya usalama na majaribio yake kwa namna ambayo tarakilishi yenyewe inaweza kuyasoma, kuyafuatilia na kuyarudia kila mara programu inapoguswa. Ingawa mbinu hiyo ilikuzwa mbali na hapa, mfano bora wa kuieleza tunao wenyewe, nao una zaidi ya miaka 20.

Kumbukumbu ya Februari 2004

Wakenya wengi wanaikumbuka Februari 1, 2004. Siku hiyo kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 katika Notisi ya Kisheria nambari 161 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, mstari wa manjano, abiria wasiozidi idadi ya viti, na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Wamiliki wengi hawakuwa wametayarisha magari yao, na abiria wakalazimika kutembea kwa miguu kwenda kazini.

Umma uliziita "Sheria za Michuki", na kwa muda nidhamu ilirejea barabarani. Kisha ikaanza kulegea. Ikawa siri iliyojulikana na kila mtu kwamba baadhi ya vidhibiti vilifanya kazi siku ya ukaguzi pekee. Gari likishapata cheti, waya ulichomolewa au swichi ikafichwa chini ya dashibodi, na mwendo ukarudi kuwa hiari ya dereva.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ijulikanayo kama NTSA. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, nalo liliandaa kiwango maalumu cha vifaa hivyo, KS 2295. Vidhibiti vya kizazi kipya vina tarakilishi ndogo ndani yake, huhifadhi kumbukumbu za mwendo, na vingine hutuma habari hizo mbali na gari.

Hata hivyo, takwimu za NTSA zinaonyesha kuwa katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024 zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya. Mwendo wa kasi ni chanzo kimoja tu miongoni mwa vingi, lakini ndicho chanzo ambacho kifaa hiki kilibuniwa kukizuia.

Nambari 80 ilikuwa tayari katika sheria, nacho kifaa kilikuwa ndani ya gari. Basi ni nini kilichokosekana? Kwa lugha ya wahandisi, vilikosekana vitu vitatu: sharti lililokamilika, jaribio linalorudiwa, na kumbukumbu ya kila badiliko.

Sharti ni nini?

Sharti, katika kazi ya uhandisi, ni sentensi inayosema chombo lazima kifanye nini, katika hali gani, na kwa kipimo gani. "Gari liwe salama" si sharti. Hiyo ni dua. "Gari lisizidi kilomita 80 kwa saa" ni hatua mbele, kwa kuwa linaweza kupimwa. Lakini bado halijakamilika.

Tuchukue mfano wa kidhibiti cha kubuni. Ndani ya gari kuna kihisi kinachotuma mapigo ya umeme magurudumu yanapozunguka. Programu huyahesabu mapigo hayo, na yakionyesha kuwa mwendo umefika 80, hupunguza mafuta yanayoingia katika injini. Tuseme mhandisi ameiandika programu hiyo bila kosa hata moja.

Sasa utingo anachomoa waya wa kihisi. Mapigo yanakoma. Programu inahesabu na kupata sifuri, yaani gari limesimama, na gari lililosimama halina haja ya kudhibitiwa. Matatu inafika kilomita 120 kwa saa huku kifaa kikiamini kwamba ingali stejini ikisubiri abiria.

Hapo programu haikukosea. Ilifanya yale iliyoagizwa. Kosa ni la sharti ambalo hakuna aliyeliandika: kifaa kifanye nini habari za mwendo zinapokatika?

Wala kuliandika si jambo jepesi. Mtu anaweza kusema, "Waya ukichomolewa, injini izimike." Lakini waya unaweza kukatika wenyewe kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Gari likizimika ghafla wakati linalipita lori katika barabara yenye njia mbili tu, kifaa cha kuokoa maisha kitakuwa kimewaua abiria wote. Kwa hivyo sharti lenyewe linahitaji kufikiriwa kwa makini, kisha kupewa nambari yake. Katika kidhibiti chetu cha kubuni lingeweza kusomeka hivi:

"SHARTI KM-03: Mapigo ya kihisi yakikoma ilhali injini ingali inavuta gari, kifaa kichukulie kwamba kihisi kimeharibika. Kiwashe taa ya onyo ndani ya sekunde 2, kiandike tarehe na saa ya tukio, kisha kishushe nguvu za injini hatua kwa hatua kwa muda usiopungua sekunde 20. Kisizime injini kamwe."

Msomaji atatambua kwamba kila kipande cha sentensi hizo kinaweza kujaribiwa. Taa iliwaka au haikuwaka. Sekunde zilitimia au hazikutimia. Hakuna nafasi ya mabishano, na hiyo ndiyo alama ya sharti zuri.

Maswali matatu ya hatari

Si kila sehemu ya gari inayohitaji ukali sawa. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia usalama wa mifumo ya umeme na programu za magari, ISO 26262, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2018. Kiwango hicho huwataka wahandisi kuuliza maswali matatu kuhusu kila hitilafu inayoweza kutokea.

Swali la kwanza ni je, hitilafu hiyo ikitokea, watu wataumia kiasi gani? La pili ni je, gari huwa katika hali hiyo ya hatari mara ngapi? Na la tatu ni je, dereva wa kawaida anaweza kuliokoa gari akigundua kuna tatizo?

Majibu yakiunganishwa, kila hatari hupewa herufi kuanzia A hadi D. A ni hatari ndogo, na D ni kubwa kuliko zote. Redio ikinyamaza, hakuna anayeumia, hivyo haipewi hata herufi. Usukani ukijigeuza wenyewe katika mwendo wa kasi, hilo ni suala la D. Kadiri herufi inavyopanda, ndivyo ushahidi unaodaiwa unavyoongezeka.

Neno la kuzingatia hapo ni ushahidi. Kiwango hiki hakimtaki mtengenezaji kuapa kwamba gari lake ni salama. Kinamtaka aonyeshe kila sharti lilitokana na hatari gani, lilitekelezwa katika sehemu gani ya programu, lilijaribiwa kwa jaribio lipi, na jaribio hilo lilileta matokeo gani. Uzi huo usikatike popote, uwe unafuatwa kutoka juu kwenda chini au kutoka chini kwenda juu.

Kutoka kabati la faili hadi msimbo

Kwa miaka mingi masharti hayo yaliandikwa katika hati za kawaida na majedwali, kisha yakatumwa kwa baruapepe kutoka idara moja hadi nyingine. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua mwisho wa mtindo huo. Faili moja huitwa "masharti ya mwisho", la pili "masharti ya mwisho kabisa", na la tatu "masharti ya mwisho kabisa mapya". Mwandishi wa programu anafuata la kwanza, mjaribu anapima kwa la pili, na mkaguzi anapewa la tatu.

Gari moja la kisasa linaweza kuwa na maelfu ya masharti. Hakuna binadamu awezaye kuyashika yote kichwani, wala kukumbuka ni majaribio yapi yaguswe sharti moja linapobadilika.

Mbinu mpya ni kuyaandika masharti kama msimbo. Msimbo ni maandishi ambayo tarakilishi huyasoma na kuyafuata hatua kwa hatua. Masharti yanapoandikwa kwa mpangilio ambao tarakilishi inaweza kuusoma, huwekwa katika ghala moja pamoja na programu yenyewe na majaribio yake. Hayakai tena katika kabati la idara nyingine.

Ghala hilo hulindwa na mfumo wa kutunza historia. Unaotumika zaidi duniani ni Git, ulioanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland anayejulikana pia kwa kuanzisha Linux. Git huandika ni nani aliyebadilisha nini, siku gani na kwa sababu gani. Habari njema kwa nchi kama yetu ni kwamba hutolewa bila malipo, sawa na baadhi ya zana za kupanga masharti kwa mtindo huu, kama vile Doorstop na StrictDoc.

Baada ya hapo, tarakilishi hupewa kazi ya ulinzi. Mhandisi anapoleta badiliko lolote, hata la neno moja, mtambo huuliza maswali. Kuna sharti ambalo halina jaribio? Badiliko linakataliwa. Kuna sehemu ya programu isiyotokana na sharti lolote? Inatiliwa shaka. Kuna jaribio lililofeli? Hakuna kinachopita. Na hata majaribio yote yakifaulu, mhandisi mwingine lazima asome badiliko hilo na kuliidhinisha kwa jina lake.

Jaribio lenyewe nalo huandikwa kwa maneno machache yenye mpangilio maalumu. Kwa sharti letu la KM-03, linaweza kuwa hivi: "Ikiwa gari liko katika kilomita 70 kwa saa, na waya wa kihisi ukakatwa, basi taa ya onyo iwake ndani ya sekunde 2, na injini isizimike." Mtambo huigiza gari ndani ya tarakilishi, hukata waya huo wa kuigiza, huhesabu sekunde na kutoa hukumu. Unaweza kurudia usiku kucha, kwa mwendo wa 10, 40, 79 na 81, juani na mvuani, bila kuchoka na bila kudai chai.

Baadaye kifaa halisi huwekwa mezani na kuunganishwa na gari la kuigiza, kabla ya kupelekwa barabarani katika gari la kweli. Kila hatua hunasa makosa ambayo iliyotangulia haikuweza kuyaona.

Mizani ya Mlolongo

Wakazi wa Kaunti ya Machakos wana mfano hai wa tofauti kati ya ukaguzi wa mara moja na jaribio linalorudiwa. Mfano huo ni mizani ya Mlolongo.

Lori linalotoka bandarini Mombasa halipimwi mara moja kwa mwaka na kupewa cheti kwamba halibebi mzigo kupita kiasi. Hupimwa kila safari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kilele cha tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli ina kipimo chake. Uzani wa jana haumsaidii dereva leo, kwa sababu mzigo wa leo si ule wa jana.

Linganisha hali hiyo na ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria. Gari huonyesha kwamba kidhibiti kinafanya kazi siku hiyo moja, na kwa siku 364 zinazofuata cheti ndicho kinachozungumza kwa niaba ya kifaa.

Programu ni kama mzigo wa lori. Hubadilika. Kosa linarekebishwa hapa, kifaa kipya kinaongezwa pale, na badiliko dogo upande mmoja linaharibu jambo upande mwingine. Ndiyo maana majaribio yanapaswa kusimama njiani kama mizani, kila badiliko lipite juu yake.

Machakos inafunza pia kwamba macho si kipimo. Katika mlima wa Kituluni, mahali paitwapo Kyamwilu, gari lililotolewa gia huonekana likipanda mlima lenyewe, na wageni hutoka mbali kuja kushangaa. Umbo la ardhi ndilo linaloyahadaa macho. Mhandisi anayetazama programu yake mwenyewe na kusema "naona iko sawa" amesimama Kyamwilu.

Badiliko lililosahaulika

Mfano mchungu zaidi kuhusu masharti yanayobadilika hautoki katika magari bali katika ndege, na Kenya inaujua vyema. Machi 10, 2019, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika chache baadaye. Watu wote 157 waliokuwemo walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Zaidi ya miezi minne awali, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imeanguka nchini Indonesia na kuua watu 189.

Katika ajali zote mbili, programu iitwayo MCAS ilipokea habari za uongo kutoka kwa kihisi kimoja, ikaamini kwamba pua ya ndege imeinuka kupita kiasi, ikaisukuma chini mara kwa mara huku marubani wakipambana nayo.

Uchunguzi uliofanywa baadaye Marekani ulionyesha jambo linalomhusu kila mwandishi wa masharti. Mwanzoni programu hiyo ilikusudiwa kusogeza bawa la mkiani kwa nyuzi 0.6 tu kwa mara moja. Wakati wa majaribio, kipimo hicho kiliongezwa hadi nyuzi 2.5, zaidi ya mara nne. Lakini tathmini ya usalama iliyowasilishwa kwa wakaguzi wa serikali ilibaki na kipimo cha zamani. Sharti lilibadilika, lakini hati zilizolitegemea hazikubadilika pamoja nalo.

Mtu asidai kwamba zana fulani ya tarakilishi ingeziokoa ndege hizo. Kulikuwa na shinikizo la kibiashara na maamuzi ya wanadamu. Hata hivyo, hili ndilo pengo hasa ambalo mbinu tunayoieleza inakusudia kuliziba. Pale masharti, programu, tathmini na majaribio yanapofungwa kwa uzi mmoja, nambari moja ikibadilika, kila kinachoitegemea huwashwa taa nyekundu hadi mtu akipitie upya na kutia saini.

Gari linalojua linapimwa

Kuna hatari nyingine ambayo Wakenya wanaijua kutokana na matatu, lakini ambayo dunia nzima iliishuhudia mwaka 2015. Septemba mwaka huo, Shirika la Mazingira la Marekani lilifichua kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa moshi.

Programu hiyo ilitazama mambo kama mkao wa usukani, mwendo na muda wa safari. Ikitambua kwamba gari liko maabara, ilipunguza gesi chafu. Gari likirudi barabarani, gesi za oksidi za naitrojeni zilipanda hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Magari takribani milioni 11 duniani yalihusika.

Hila hiyo iliibuka baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kufanya jambo rahisi: walifunga vipimo vyao ndani ya magari na kuyaendesha katika barabara za kawaida.

Kati ya programu hiyo na swichi iliyofichwa chini ya dashibodi ya matatu, tofauti ni ya ufundi tu. Hila ni ile ile. Funzo nalo ni moja. Jaribio ambalo anayejaribiwa analijua saa na mahali pake si jaribio kamili. Na aliyeandika programu asiwe ndiye pekee anayeihukumu.

Hapa ndipo tunapopaswa kukiri mipaka ya mbinu hii. Mtambo unaweza kuthibitisha kwamba kila sharti lina jaribio, lakini hauwezi kujua kwamba sharti lenyewe ni la kipumbavu. Hauwezi kukisia kwamba utingo atachomoa waya, isipokuwa mtu anayemjua utingo aketi na wahandisi na kuwaeleza. Majaribio 10,000 yaliyofaulu hayalingani na swali moja jema ambalo halikuulizwa.

Kinachoihusu Kenya

Huenda msomaji akasema kwamba sisi hatuundi magari, tunayanunua. Hiyo ni sababu ya kujali zaidi.

Magari mengi yanayoingia nchini huwa yametumika kwingineko, hasa Japani, na sheria huyaruhusu yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Mwaka 2014 kampuni ya Toyota iliita takribani magari milioni 1.9 aina ya Prius duniani, kiasi cha nusu yakiwa Japani, ili kurekebisha programu iliyoweza kusababisha mfumo wa umeme kuzimika gari likiwa katika mwendo. Mwenye gari aliyesajiliwa Japani hupata barua ya kuitwa. Mnunuzi wa pili aliyeko Machakos anaweza asipate habari kabisa.

Mambo yanabadilika hata katika uchukuzi wa umma. Tangu 2022, mabasi ya umeme yameanza kubeba abiria jijini Nairobi. Katika basi la umeme, nguvu za injini na sehemu ya kazi ya breki huongozwa na programu. Kikomo cha kilomita 80 kinaweza kuwa mstari mmoja wa msimbo, na anayeweza kuubadilisha mstari huo hahitaji kuingia chini ya dashibodi.

Umoja wa Mataifa umeliona hilo. Kanuni yake nambari 156, iliyoidhinishwa mwaka 2020, inawataka watengenezaji wa magari kuwa na utaratibu wa kusimamia kila badiliko la programu, ili ijulikane gari lina toleo lipi na limeidhinishwa vipi.

Kenya inaweza kuanza na kile ilicho nacho. Kila aina ya kidhibiti mwendo inayotaka kuuzwa nchini inaweza kudaiwa orodha ya masharti yake, jaribio la kila sharti na matokeo yake, pamoja na nambari ya toleo la programu. Mkaguzi akisimamisha matatu asitazame lakiri peke yake. Asome nambari ya toleo, ailinganishe na iliyoidhinishwa, kisha asome kumbukumbu za mwendo na za waya kukatika. Ukaguzi huo ufanywe pia barabarani, pasipo kutangazwa.

Masharti hayo yakiwekwa wazi, mafundi, madereva na hata wanafunzi wa uhandisi wataweza kuyasoma na kuonyesha pengo lililoachwa. Mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2013, hauko mbali na Machakos. Kijana mwenye tarakilishi ya kawaida na zana zisizolipiwa anaweza kujifunza kazi hii, kazi ambayo viwanda vya magari duniani vinaihitaji.

Michuki alituachia nambari 80. Aliyepanda matatu leo asubuhi kutoka Machakos hakuwa na njia ya kujua kama kifaa kilicho mbele yake kinaitii nambari hiyo, au kinaamini kwamba gari limesimama. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni sharti moja ambalo halijaandikwa, na kuliandika hakugharimu zaidi ya kuuliza swali kabla ya safari kuanza.